Siku Jumbe alipojiuzulu

Januari 1984 ilianza kwa shamrashamra, kwani Mapinduzi yalikuwa yanatimiza miaka 20. Nilikuwa nasoma sekondari Unguja mjini, nikikaa Kikwajuni kwa ami yangu, mwana ASP (Afro-Shirazi Party) tangu chama hicho kilipoundwa mwaka 1957. Kadi yake ya zamani alikuwa akiitunza pamoja na hati ya nyumba.

Mwisho wa mwezi huo masikio yote yalikuwa redioni. Televisheni ya rangi tulikuwa nayo, jambo ambalo wenzetu wa bara hawakuwa nalo kabisa, lakini habari ya siku ile ilitoka Dodoma. Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikuwa imekaa chini ya Mwalimu Nyerere, kujadili kile kilichoitwa kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar. Ndipo tukasikia kwamba Mzee Aboud Jumbe amejiuzulu: urais wa Zanzibar, umakamu wa Rais wa Muungano, umakamu mwenyekiti wa chama, vyote kwa mpigo.

Jioni barazani kahawa ilipoa vikombeni. Vijana walikuwa wamewaka.

"Huyu tulimpigia kura sisi mwaka 80," mmoja alisema. "Vipi aondoshwe Dodoma?"

Ami alikuwa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Na aliyetupeleka Dodoma nani?"

Hakuna aliyemjibu. Akaendelea mwenyewe. Mkataba wa Muungano waliotia saini Karume na Nyerere Aprili 1964 ulikuwa na mambo 11: ulinzi, mambo ya nje, polisi, uraia na mengineyo. Vyama vya siasa havikuwamo. Karume, mpaka anauawa pale Kisiwandui mwaka 1972, ASP yake hakuiunganisha na TANU, chama cha bara. Aliyekubali ni Jumbe. Tarehe 5 Februari 1977 ikazaliwa CCM, chama kikashika hatamu, na mwenyekiti wake akawa Mwalimu.

"Sasa mwenyekiti kamwita makamu wake kikaoni," ami alisema. "Mnashangaa nini, wanangu?"

"Ami, kwa hiyo unamtetea Nyerere?" nilimuuliza.

"Mimi simtetei mtu. Nakwambia alipitia wapi."

Jumbe alikuwa akitaka muundo wa serikali tatu, ya Zanzibar, ya Tanganyika na ya Muungano, na alikuwa akiandaa hoja ya kupeleka kwenye Mahakama Maalumu ya Katiba. Mwalimu aliamini serikali ya tatu ingeuvunja Muungano, na sidhani kama alikuwa akijifanya. Miaka kumi baadaye, akiwa hana cheo chochote, aliwapinga kwa nguvu ile ile wabunge waliodai serikali ya Tanganyika. Hata hivyo mpaka leo naona hoja ile ilistahili majaji, si wajumbe wa chama.

Aliyekuja kushika nafasi ya Jumbe Zanzibar ni Ali Hassan Mwinyi, na baraza likapata mjadala mwingine: mzaliwa wa Kivure, bara, aliyekulia na kusomea Unguja, tumhesabu wa wapi? Ami alisema ni mwalimu wa skuli, mtu mpole, inatosha. Mwinyi akalegeza biashara, bidhaa zikaanza kurudi madukani Darajani, na wale wale walioilaani Dodoma sasa wakawa wanabishana bei ya mchele na khanga.