Nilivyoionesha Fuocoammare kwenye kibanda umiza Ujiji, watu wakakaa hadi mwisho

Kuna jamaa yangu kasomea mambo ya filamu, akaniambia usiguse kitu, iache picha ijieleze yenyewe. Haya, nikaiacha ijieleze. Fuocoammare ni filamu ya matukio ya kweli ya Gianfranco Rosi, ya 2016, ndo ilibeba Dubu wa Dhahabu, tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Berlin, na huyo Rosi mwenyewe kazaliwa Asmara, Eritrea. Haina msimuliaji wala bunduki, ni dogo wa miaka 12, Samuele, anazurura na manati yake kisiwani Lampedusa, Italia, wanakofikia wakimbizi wanaovuka bahari kwa boti. Haikuchukua muda mtu wa nyuma kaanza "oya, steringi yuko wapi?", mwingine anadai jero yake, nikabaki mimi, feni na mtoto kalala kwenye benchi. Ijieleze kwa nani sasa!

Nikajipanga. Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani mbalamwezi ikiwaka, kwahiyo siku ndo hiyo, watu wana muda. Ubaoni nje, pale tunapoandikaga mechi, nikaweka chaki kubwa: LEO ERITREA NA SYRIA. Sio utapeli jamani, wakimbizi humo ndani si wanacheza mpira kwa nchi zao? Kibanda kikajaa mpaka mlangoni.

Sauti ya Kitaliano nikaishusha, nikashika maiki kama marehemu Lufufu, yule mtafsiri wa filamu. Dogo anafyonza tambi kwa kelele, watu hoi. Dogo kapanda boti, anatapika. Mtoto wa mvuvi! Kibanda kizima kicheko, mzee mmoja anapayuka "mpelekeni shule huyo, maji hayamtaki!" Hapo nikajua nimewashika.

Zilipokuja boti zenyewe, watu wametolewa chini wamekufa, nikazima maiki. Hiyo hata DJ mzuri anyamaze tu. Mnaijeria anaimba walivyovuka Sahara wakanywa mkojo, mama muuza karanga akasema taratibu, "wa '96 walifika hapa wamelowa hivyohivyo." Wakongo anamaanisha, walivuka ziwa wakikimbia vita.

Ugomvi ukaja mwisho. Dogo kisiwa chote kile hakutani na mkimbizi hata mmoja, daktari wa kisiwa, Bartolo, ndo anatibu wenyeji na wakimbizi. Kijana mmoja akachukia kweli, "sasa huyu anaishije hapo bila kuwajua?" Jirani yake akamuuliza, "na wewe kambi ya wakimbizi Nyarugusu umefika lini?" Wakabishana hadi nje, viti nimepanga peke yangu.

Mjomba mwenye kibanda yeye anauliza kama pati tuu ipo.