Mishipa haisahau

Jana nilimpeleka mama kliniki ya kisukari. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu: asilimia 6.8, nzuri. Nikataka kupiga vigelegele, mara daktari akasema moyo una shida. Mama akanigeukia, "Si nimeacha soda tangu mwaka juzi?" Nikakosa jibu.

Usiku nikasoma. Marekani na Kanada walifuatilia watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza (mama ana ya pili) kuanzia 1983: kundi moja likabanwa sukari vikali, jingine likapewa matibabu ya kawaida. Jaribio lilipoisha 1993, sukari za makundi mawili zikaja kulingana. Ila matokeo ya 2005 yakaonyesha waliobanwa sukari vikali mwanzoni walipata matatizo ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 42. Maabara nayo: seli za ukuta wa mshipa zikikaa kwenye sukari nyingi saa 16, alama za kikemikali hubandikwa kwenye histoni, zile protini zinazoviringiwa na DNA, na jeni inayochochea uvimbe wa ndani hubaki imewashwa siku sita baada ya sukari kushuka.

Saa 16 tu! Mama alikaa miaka bila kupima.

Leo kameza dawa ya presha na ya lehemu, analalamika uji hauna ladha.