Kuhesabu biti za 1: kasheshe iko kwenye namba hasi

Namba 44 kwa binari ni 101100, yaani kati ya biti zake (tarakimu za 0 au 1), tatu ni za 1. Wengi huanza kwa kuchungulia biti ya mwisho ya namba n kwa n & 1 (& hubakiza 1 pale tu namba zote mbili zina 1), wanaijumlisha, kisha wanasogeza zote kulia kwa n >>= 1 hadi n iwe 0. Jibu ni sahihi, ila kitanzi kinapitia hata sifuri: 2147483648 ina 1 moja tu, lakini kitazunguka mara 32.

Ndiyo maana n &= n - 1 inapendwa. Ukitoa 1, biti ya 1 iliyo kulia kabisa inageuka 0, sifuri zilizo kulia kwake zinageuka 1, na za kushoto haziguswi. Kwa hiyo & inaifuta biti hiyo peke yake. 44 & 43 ni 40; 40 & 39 ni 32; 32 & 31 ni 0. Mizunguko mitatu, biti tatu. Mbinu hii huitwa ya Brian Kernighan, mmoja wa waandishi wa kitabu maarufu cha lugha ya C, ingawa mwanakompyuta Peter Wegner aliichapisha tangu 1960.

Sasa weka namba hasi. Kwenye Java, >> hurudufu biti ya alama (ya kushoto kabisa, inayoonyesha kama namba ni hasi), hivyo -1 husogezwa na kubaki -1, na programu haiishi. Tumia >>>, inayojaza 0 kushoto. Kwenye Python hata mbinu ya Wegner inakwama, maana namba kamili hazina upana (idadi ya biti) maalumu: -1 inakuwa -2, kisha -4, -8, bila kikomo. Amua upana kwanza, mfano n & 0xFFFFFFFF.

Usishangae pia bin(-5).count("1") kutoa 2 wakati Integer.bitCount(-5) ya Java inatoa 31. Python inahesabu biti za 5 na kuweka alama ya kutoa pembeni. Java inahesabu biti zote 32 jinsi zilivyo kwenye kumbukumbu. JavaScript nayo hukata namba ya kawaida ibaki biti 32 kabla ya &, kwa hiyo 4294967297 itakupa 1 badala ya 2. Andika 4294967297n, yaani BigInt, namba kamili isiyokatwa, na 1n badala ya 1.

Kwa kazi halisi, tumia kilichopo: n.bit_count() kuanzia Python 3.10, au std::popcount ya C++20, ambayo hukataa int yenye alama. Ukitumia kikusanyaji (compiler) cha GCC kwenye x86-64, aina ya prosesa za Intel na AMD, ongeza -mpopcnt. Bila hiyo kwa kawaida haitumii POPCNT, amri ya prosesa ya kuhesabu biti za 1, kwa kuwa prosesa za mwanzo za aina hiyo hazikuwa nayo.