Jicho la samaki kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe
Wiki nzima nimetembea na lenzi moja tu, Canon ya jicho la samaki (inayoona upana mkubwa mno na kupinda mistari) ya milimita 8 hadi 15, ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar. Jamani, nimeipenda!

Kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi cha picha kikubwa kama fremu ya filamu ya milimita 35, ukiweka 8 unapata picha ya duara, pembeni giza tupu. Ukivuta hadi 15, picha inajaa fremu yote. Mimi nilinogewa na lile duara. Nililaza kamera chini, lenzi ikitazama juu, kuta za pande zote mbili zikajikunja kuzunguka kipande cha mbingu, kama uko ndani ya kisima. Kamba ya kuanikia nguo ikapita katikati imenyooka kabisa, maana mstari unaopita katikati ya lenzi hii haupindi.

Milango ya nakshi ndiyo ilinihangaisha. Ukisimama mbali inakuwa midogo, haisemi kitu. Nikasogea mpaka msumari mmoja wa shaba ukakaribia kugusa kioo, ukavimba mbele kama embe, nakshi zote zikakimbilia nyuma yake. Hiyo ndiyo picha niliyoichapisha kubwa.