Mguu uliovunjika ndo umekuwa mrefu

Mwaka jana wakati shule zinafunguliwa nilirudisha suruali ya mwanangu kwa fundi cherehani mara ya pili, nikamwambia mguu wa kulia unaburuza chini, rekebisha. Yule baba akaitandika mezani, akakutanisha mishono, akapima na futi yake, miguu yote ya suruali iko sawasawa. Akaniambia, "Mama Rama, suruali haina kosa, hebu mlete mtoto asimame hapa." Rama akasimama na kwa mara ya kwanza nikaona mkanda umelala upande mmoja, na goti la kushoto amelikunja kidogo kama mtu anayepumzika.

Sasa Rama akiwa na miaka 6 alianguka mwembeni akavunjika paja la kushoto, akalazwa mguu ukivutwa na uzito, afu akafungwa POP, ile plasta ngumu, akapona vizuri. Kwa hiyo mie akilini nikajua mguu uliovunjika umekuwa mfupi, ndo maana anachechemea. Kumbe nilikuwa nautazama mguu sio. Daktari wa mifupa alinieleza kwamba mtoto wa miaka 2 mpaka 10 akivunjika paja, damu inayoenda pale kuunga mfupa inauchochea ukue kuliko mwenzake, mara nyingi kama sentimita 1 hivi, na zaidi ni ule mwaka na nusu mpaka miwili ya mwanzo. Akamwekea Rama vipande vya mbao chini ya mguu wa kulia, kimoja kimoja, huku ameshika nyonga zote mbili mpaka zikalingana, ikaja sentimita 1.5, halafu eksrei ikathibitisha.

Wala sio ajabu, watu wengi tu wana tofauti ndogo chini ya sentimita 1 na hawajui. Chini ya sentimita 2 kwa kawaida ni kuacha kama haimsumbui, au kuinua kiatu. Kuanzia 2 mpaka kama 5 kwa mtoto anayekua wanaweza kuzuia ukuaji wa ule mguu mrefu karibu na goti ili mfupi uufikie, ni upasuaji mdogo, LAKINI lazima afanyiwe mfupa ukiwa bado unakua, na wasichana wengi wanamaliza kukua kwenye miaka 14, wavulana 16. Ndo maana yale maneno ya "mwache, atanyooka akikua" yananiuma sana, kuna watu wamesubiri mpaka nafasi hiyo ikapita, na tofauti ikiwa kubwa kinachobaki ni kukata mfupa na kuurefusha kwa vyuma milimita 1 kwa siku, miezi na miezi.

Kwa hiyo wazazi wenzangu mwangalieni mtoto akiwa na chupi tu, kwa nyuma. Nyonga moja imepanda? Anatembea kwa vidole mguu mmoja tu? Soli ya kiatu kimoja inaisha mapema? Mpeleke akapimwe. Kichanga ambaye mikunjo ya mapaja hailingani au paja moja halifunguki vizuri ukimbadilisha nepi, usisubiri aanze kutembea, inaweza kuwa nyonga imetoka. Na mtoto aliyeanza kuchechemea ghafla ana homa au hataki kukanyaga, huyo ni hospitali siku hiyohiyo, usaha kwenye kiungo au mfupa unaharibu haraka sana. Kumvuta na kumchua mguu hakurefushi mfupa jamani, msimtese mtoto.

Rama kiatu chake cha kulia fundi viatu amekipandisha soli sentimita 1, daktari alisema hakuna haja ya kufidia yote. Bibi yake alipokiona akasema, "Mwanangu, mbona umeweka mguu mzima?" nikamkalisha, nikamwelewesha, bado haamini. Kila miezi 6 tunarudi kupima, mwezi uliopita ilikuwa ileile 1.5, na suruali mpya fundi kaishona mguu wa kulia mfupi kidogo bila hata kuambiwa.