Hotuba ya mwenyewe hayupo

Nimetoka kwenye mkutano wa hadhara wa kaunti sasa hivi. Gavana hakufika, akamtuma naibu wake.

Yule mama akasimama, akafungua karatasi aliyopewa, akasoma kwa sauti kubwa: "Mimi na mke wangu tunawashukuru..."

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Yeye hakucheka wala hakununa. Alishikilia mstari kwa kidole, akangoja kelele ziishe, akasema, "Ni mke wa gavana, jamani," kisha akaendelea pale pale alipoachia.

Kile kidole sijakisahau.

Maana ndiyo kazi yenyewe. Mnachaguliwa pamoja kwa kura moja, halafu unafanya kile bosi anachokupa. Akikunyima, unakaa.

Ila kiti kikibaki wazi, katiba inakuita wewe. Kaunti ya Nyeri, Kenya, waliyaona mara mbili mwaka 2017: naibu Wamathai alichukua nafasi ya Gavana Nderitu Gachagua, na kabla mwaka haujaisha naibu Kahiga akachukua ya Gavana Gakuru. Misiba yote miwili.

Anayenivutia zaidi ni Fatuma Achani wa Kwale. Naibu wa Gavana Mvurya tangu 2013, mihula miwili, kisha 2022 akaomba kura ya ugavana kwa jina lake mwenyewe na akashinda. Miaka yote hiyo ya "kwa niaba ya"! (Mimi ningejiuzulu mapema sana.)

Haya, wakuu, naibu gavana wa kwenu mnamjua hata jina? Na ungepewa hiyo kazi, ungeikubali?