Hela za walio nje zikichangwa pamoja

Wengi wakisikia hela ambayo ndugu walio nje ya nchi wanatuma nyumbani wanawaza ada, dawa na msiba basi, na kweli ndo kazi yake ya kwanza na siyo ndogo, mtoto aliyemaliza shule naye ni uchumi jamani. Ila mi naona nguvu kubwa iko pale wanaotuma wanapojiunga. Meksiko walikuwa na mpango unaitwa 3x1, vyama vya wahamiaji walioko Marekani wakichanga peso moja kwa mradi wa kijijini kwao basi serikali kuu inaweka moja, jimbo moja, manispaa moja, barabara na maji vikajengwa hivyo.

Kinachoniuma sana ni makato ya kutuma hizo hela. Umoja wa Mataifa unataka yawe chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, lakini wastani wa dunia kutuma dola 200 bado ni zaidi ya asilimia 6, yaani dola 12 na ushee zinayeyuka njiani, jasho la mtu aliyekesha kazini! Na zinazofika zipitie akaunti ya benki au sakosi, maana mpokeaji akiwa na rekodi hata mkopo wa kufungulia biashara anaweza kupata.